Maji ya Barabarani

Siku tuliyomzika mume wangu, Injinia, bosi wake kule mgodini, alikuja na viatu vilivyong'arishwa, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema mbele ya wakwe zangu: "Pole sana, mama. Ndiyo madhara ya sigara hayo."

Mume wangu hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Moshi wa jiko tu ulikuwa unamkimbiza nje. Mama mkwe aliinua uso akanitazama, nikaona anajiuliza kama mwanawe alikuwa na siri ambayo mimi nilimfichia. Kumuua mtu ni jambo moja. Kumsingizia akiwa kwenye jeneza, hawezi hata kusema "mwongo wewe", ni jambo la pili, na hilo la pili ndilo nililoshindwa kulimeza. Niliapa palepale, kimoyomoyo, kwamba mdomo uliosema uongo huo utasema ukweli, na utausema mbele za watu. Sikulia tena siku ile. Watu wakanong'ona kwamba mjane ana moyo mgumu. Niliwaacha wanong'one.

Sasa nieleze mambo yalivyokuwa, maana bila hivyo mtaniona kichaa.

Mgodi wetu ulikuwa wa urani. Urani yenyewe ilipakiwa ikaenda zake hata kabla sijaolewa. Yaliyobaki ni mabaki, mchanga wa kijivu uliosagwa laini kama unga, mlima mzima umelazwa nyuma ya karakana. Juu yake kampuni ilitandaza udongo wa mfinyanzi, unene wa mita moja na nusu, kama ramani inavyodai. Sisi wafanyakazi tuliuita mlima ule Mgonjwa, kwa sababu umelala, umefunikwa blanketi, na kila mwaka wataalamu wanakuja kuupima. Asubuhi mtu akiuliza, "Mgonjwa ameamkaje?" anajibiwa, "Anapumua." Tulicheka sana. Hatukujua kwamba tulikuwa tunasema kweli tupu.

Mabaki yale yanatoa gesi inayoitwa radoni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi pua. Ukiivuta siku moja huna habari. Ukiivuta miaka, hasa mahali palipofungwa, inakula mapafu polepole kama mchwa kwenye dari. Kazi ya lile blanketi la udongo ni kuichelewesha hukohuko chini mpaka nguvu zake ziishe. Na udongo wa mfinyanzi una tabia yake: ukiwa na unyevu unashikana, gesi inakwama, ukikauka unapasuka, gesi inapanda. Hayo sikuyasoma shuleni. Niliambiwa na mume wangu wodini, wiki mbili kabla hajafa, sentensi moja leo na nyingine kesho, kwa sababu pumzi haikumtosha kusema zote pamoja.

Yeye alikuwa dereva wa boza, lile gari la maji. Kila mwaka, wiki tatu kabla ya wapimaji kuja, Injinia alimwita pembeni. Kumbuka, pembeni, si ofisini, wala si kwa barua. "Panda juu, lowesha vizuri. Safari nane kwa siku. Siku mbili kabla hawajaja, acha, ngozi ya juu ikauke wasione tope." Na kwenye daftari la safari aandike nini? "Andika maji ya barabarani. Kutuliza vumbi." Kanuni ya wapimaji inasema vipimo visianze kabla saa ishirini na nne hazijapita tangu mvua inyeshe. Injinia aliona hilo ni jambo la kuchekesha. "Wamesema mvua," alimwambia mume wangu. "Boza hawakulitaja."

Mume wangu alifikiri ni ujanja wa kawaida, kama kupaka rangi ukuta kabla mgeni hajafika. Hakuna aliyemwambia rangi ile inaficha nini. Na mwaka mzima, hata miezi ya maji ya barabarani ya kweli, katikati ya safari alikuwa anapumzika juu kule, kwenye kibanda cha mlinzi. Kibanda cha mabati, hakina sakafu, miguu yako inakanyaga udongo wa Mgonjwa mwenyewe, na mlango unafungwa kwa sababu ya upepo. Alikula humo. Alisinzia humo. Miaka tisa.

"Injinia hajawahi kupanda juu," aliniambia siku ya mwisho aliyoweza kuongea. "Hata mara moja. Na dirisha lake la upande ule amelipiga gundi."

Baada ya arobaini, Injinia alinipa usukani wa marehemu. Leseni ya magari makubwa ninayo tangu usichana. Nilikuwa naendesha lori la mchanga mjini kabla hata ya kumjua mume wangu. Injinia aliona anafanya wema, akanipiga na picha ya kubandika kwenye ubao wa matangazo. Nilitabasamu kwenye picha ile mpaka mashavu yakauma. Siku niliyokwenda ofisini kwake kusaini, nilitazama dirisha linaloelekea kwa Mgonjwa. Utepe wa gundi, mpana, wa rangi ya hudhurungi, umezunguka fremu pande zote nne, na pembeni umerudiwa mara mbili. Kumbe alijua. Mtu hazibi dirisha kwa ajili ya kitu ambacho ni "salama kabisa". Hilo ndilo lilikuwa neno lake, hata tukampa jina: Salama-Kabisa. Ukimwambia choo kimeziba, atakujibu ni salama kabisa.

Mwaka wa kwanza nililowesha kama nilivyoambiwa. Mwaka wa pili pia. Msinishangae. Nilikuwa nasubiri, na mwenye kusubiri lazima afanane na wengine. Vipimo vilipita. Halafu ukaja mwaka wa tatu, na karakana nzima ikajua maana yake: vikipita mara ya tatu mfululizo tangu kampuni iombe kufunga mgodi, inaukabidhi mlima kwa baraza la mji, inafunga lango, inaondoka, na hakuna tena wa kuulizwa. Injinia alikuwa ameshapata cheo makao makuu. Alikuwa ameanza hata kufunga vitabu vyake kwenye maboksi.

Wiki tatu kabla, akaniita pembeni ya pampu.

"Mama, kazi ile ile. Safari nane. Ni mara ya mwisho hii, tuifanye vizuri."

"Niandike nini kwenye daftari, Injinia?"

"Si unajua? Maji ya barabarani."

"Sawa, bosi," nikasema. "Nitafanya kama ilivyoandikwa."

Na nikafanya hivyo hasa. Kila siku nilijaza boza kwenye tangi, nikapita mbele ya ofisi yake taratibu, nikampungia mkono, nikazunguka nyuma ya mlima, na kila tone la maji yale nikalimwaga barabarani. Barabara ya mgodi haijawahi kupendeza vile. Ilikuwa haina vumbi hata la kuandikia jina. Safari nane, daftari limejazwa, saini yangu, muhuri wa karakana. Ninyi mlitaka maji ya barabarani. Haya, barabara imeshiba.

Nilijua mtego wenyewe ulipo. Vipimo vikiwa vibaya, atataka kunirukia mimi, na njia ya kunirukia ni moja tu: kusema kwa mdomo wake kwamba aliniamuru nimwage juu. Akinyamaza, ameshindwa. Akisema, amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua, nalo ni wifi.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa amepata kazi ya ulinzi mwaka uliotangulia, vipimo vikiwa vimeshapita, kwa hiyo hakuwahi kuuona mlima ukimwagiwa maji; zamu ya mchana, kulekule kibandani. Sare ya bluu, kofia imemzidi, firimbi shingoni kama refa. Tulikuwa mawifi wa utani hasa. Nikifika juu na boza, maana lazima lionekane likipanda, alikuwa ananipokea kwa maneno.

"Haya, kaja mrembo wa boza. Kaka yangu alikuoa kwa sababu hakuwa na miwani."

"Na wewe hukuolewa kwa sababu waliokuja walikuwa nayo."

Alikuwa anacheka mpaka anashika bati la kibanda asianguke. Tangu mazishi, huyu ndiye mtu pekee aliyenifanya nicheke. Na ndiye pekee ambaye sikuweza kumwambia. Wifi ana moyo wa dhahabu, lakini kumpa siri ni kuteka maji kwa pakacha: kabla jua halijatua pampu inajua, jikoni wanajua, na Injinia anajua. Nikajipa moyo: wiki tatu tu. Kaka yake alikaa miaka. Wiki tatu si kitu.

Na kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme, maana nilisema nitaeleza mambo yalivyokuwa. Wapimaji hutega mikebe ya kunasa gesi, na nilijua mkebe namba sitini na moja huwa unategwa ndani ya kibanda kile. Katika mikebe yote mia moja, ule ndio niliokuwa nautaka. Mahali alipokaa mume wangu. Nilitaka udongo wa pale ukauke kuliko pengine popote.

Wiki ya pili udongo ukaanza kupasuka. Nyufa nyembamba kwanza, halafu za kuingia kidole. Nyasi zilizokuwa zimejaribu kuota zikageuka majani makavu. Upepo wa kiangazi ukapata kazi ya kufanya, vumbi likapanda juu ya Mgonjwa kutwa nzima, jekundu, linaingia machoni. Mwaka jana halikuwepo, kwa sababu mwaka jana nilikuwa namwaga maji. Wifi, ambaye siku zote alikuwa anakaa nje mlangoni, akaanza kujifungia ndani.

"Wifi, kaa nje bwana," nikamwambia siku moja. "Kaa hapa kwenye kivuli cha gari."

"Nje kwenye vumbi hili? Wewe unataka nizeeke kabla ya siku zangu?" Alikuwa amejifunga kitambaa puani. "Hebu nimwagie maji hapa mlangoni. Kidogo tu. Vumbi linaniua, wifi, nakuomba."

Boza lilikuwa limejaa. Bomba lilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimebakiza siku sita.

"Maji haya ni ya barabarani," nikasema. "Ukitaka kuoga, subiri Jumapili kama watu wengine."

Alicheka. Alicheka kweli, mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake, akanitukana tusi la kiwifi ambalo siwezi kuliandika hapa, akaingia ndani, akavuta mlango. Nilisikia komeo likigonga. Nikapanda gari nikaenda kumwaga maji yangu.

Mpimaji alikuja siku iliyopangwa. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, buti zimemzidi mguu, mtu wa maneno machache. Mikebe yake ni mipana kama masufuria, ndani yake kuna mkaa maalumu unaonyonya gesi. Anaifudikiza juu ya udongo, anaziba kingo zake, anaiacha saa ishirini na nne, kisha anaifunga na kuipeleka maabara. Injinia alimsindikiza mpaka chini ya mlima, akasimama hapo na mwavuli wake, akasema juu panampa kizunguzungu. Mimi ndiye niliyembebea mikebe.

Kwenye namba thelathini hivi alichuchumaa, akaingiza kidole kwenye ufa, kikazama mpaka pingili ya pili.

"Mwaka jana hapa palikuwa laini," akasema.

"Kiangazi, mama," nikamjibu.

Alinitazama usoni. Halafu akaandika kitu, akanyanyuka, tukaendelea. Kwenye kibanda alimwomba wifi asogee, akafudikiza namba sitini na moja pale ambapo wifi huweka miguu yake. Akauliza, "Huwa unakaa humu na mlango umefungwa?" Wifi akamjibu, "Sasa nifanyeje, mama, na vumbi lote hilo?" Wakati tunashuka mpimaji aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kibanda kile hakikutakiwa kujengwa pale tangu mwanzo. Nilimwambia najua.

Siku kumi baadaye tulikusanywa kwenye ukumbi wa chakula. Ilikuwa iwe sherehe. Meza zilitandikwa vitambaa vya plastiki, soda zimepangwa, ukutani kuna bango limeandikwa MAKABIDHIANO kwa herufi za kukata kwa mkasi. Walikuja wajumbe wawili wa baraza la mji. Injinia alivaa suti, akaketi mbele huku amekunja mguu mmoja juu ya mwingine. Sisi wafanyakazi tulikaa nyuma. Nilibeba daftari la safari kwapani. Wifi alikuwa safu ya mwisho, na sare yake, karibu na mlango.

Kwa utaratibu, matokeo husomwa mbele ya wote. Mpimaji alisimama, akavaa miwani.

"Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni ishirini. Mwaka juzi, wastani wa mikebe yote ulikuwa tisa. Mwaka jana, nane." Akageuza ukurasa. "Mwaka huu, arobaini na saba."

Mguu wa Injinia ulishuka chini.

"Haiwezekani," akasema. "Mikebe yenu ina hitilafu."

"Tulihesabu mara mbili, kwa mashine mbili. Mkebe uliozidi yote ni namba sitini na moja, ndani ya kibanda cha mlinzi. Mia moja na kumi na mbili."

Nyuma yangu nilisikia kiti kikisogezwa. Sikugeuka. Macho yangu yote yalikuwa kwenye shingo ya Injinia, ilivyokuwa inabadilika rangi juu ya kola nyeupe.

"Mlima hauruki kutoka nane mpaka arobaini na saba bila sababu," mpimaji akasema. "Nauliza kwa nia njema: kuna kitu chochote kilichobadilika juu ya kifuniko mwaka huu?"

Injinia hakuwa mjinga. Nikaona anahesabu, nikaona anaelekea kuponyoka. Angesema ni kiangazi kikali, angeomba wapime tena baada ya miezi miwili, na ndani ya miezi hiyo angenifukuza na kumweka dereva mwingine. Nikasimama.

"Hakuna kilichobadilika, mama," nikasema. "Mimi ndiye dereva wa boza. Maji nimemwaga kama miaka yote. Daftari hili hapa, na saini ya Injinia mwenyewe kila mwisho wa wiki." Nikalifungua, nikasoma taratibu, kama mtoto anayejifunza herufi. "Safari nane, maji ya barabarani. Safari nane, maji ya barabarani. Kila siku, barabarani. Hakuna tone hata moja lililoenda kwingine."

Aligeuka. Sijawahi kuona mtu akigeuka vile.

"Barabarani? Wewe mwanamke, umemwaga barabarani?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Injinia."

"Nilikwambia juu! Juu! Miaka kumi na miwili tunamwaga juu kabla ya vipimo, mumeo alilijua hilo, na wewe unalijua, unajifanya..."

Akasikia sauti yake mwenyewe. Mjumbe mmoja wa baraza aliweka chupa yake mezani kwa uangalifu mkubwa.

Mpimaji alikuwa ameshatoa kalamu. "Rudia hapo, Injinia. Mmemwaga juu ya nini? Na umesema miaka mingapi?"

Niseme ukweli: nilifurahi. Nilifurahi mwili mzima, mpaka kwenye kucha. Siku za mwizi arobaini, na huyu wangu alikuwa ameiba miaka kumi na miwili. Lakini nilikuwa bado sijamaliza.

"Nina swali moja dogo," nikasema. "Mume wangu alivuta sigara gani?"

"Mama, huu si wakati wake."

"Ndio wakati wake. Nitajie hata rangi ya pakiti."

Alimtazama mpimaji, akawatazama wajumbe, akatazama bango lake la herufi za mkasi. Hakuna aliyemsaidia.

"Hakuvuta," akasema.

"Sauti, Injinia. Huku nyuma hawasikii."

"Hakuvuta sigara."

Nikakaa. Jioni ile ningempelekea mama mkwe maneno hayo mawili kama mtu anavyopeleka chakula kwa mgonjwa. Watu walianza kuongea wote kwa pamoja, mjumbe mmoja akaomba daftari, fundi wa pampu akanipigapiga begani. Nikageuka kumtafuta wifi, nimcheke, anicheke, tukumbatiane. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje, amesimama karibu na boza, ameweka kiganja kwenye bomba la nyuma. Kofia ameivua.

"Mia moja na kumi na mbili," akasema.

"Wifi, wiki tatu si miaka tisa. Mpimaji mwenyewe atakwambia. Kesho nakupeleka hospitali wakutazame, lakini wiki tatu..."

"Sijakuuliza hilo." Hakuinua sauti. Wifi yangu, ambaye hata salamu huwa anaipiga kelele, hakuinua sauti. "Siku ile nilipokuomba maji. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimetoka kumwumbua mtu kwa sababu ya uongo wake, mbele ya ukumbi mzima, na uongo wangu ulikuwa tayari kabisa kwenye ulimi.

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

"Injinia alimkalisha kaka yangu mle ndani kwa kunyamaza," akasema. "Wewe umenikalisha mimi kwa kunichekesha."

"Nilifanya kwa ajili yake, wifi. Kwa ajili ya kaka yako."

"Kaka yangu angeyamwaga yale maji."

Akavaa kofia yake, akaenda. Alikuwa amesema kweli. Mume wangu angeyamwaga. Angemwaga boza zima pale mlangoni, kisasi kikaharibika, vipimo vikapita, Injinia akaenda kwenye cheo chake, na yeye angekuwa anacheka tu na dada yake.

Injinia aliondoka wiki iliyofuata, na maboksi yake yakabaki, kwa sababu watu waliokuja kuchunguza waliyataka yote. Nasikia anaitwa kila mwezi kujibu maswali. Kampuni imeamriwa kuongeza udongo juu ya Mgonjwa, mita nzima nyingine, na haiondoki mpaka upimwe ukiwa mkavu. Kibanda kimebomolewa. Mkiniuliza kuhusu Injinia, sijuti hata punje. Nikimwona leo amezama kwenye tope, nitamwuliza kama ni salama kabisa. Mkiniuliza kuhusu wifi, ninyi pia nawaomba mnyamaze kidogo.

Hospitali alikwenda, peke yake. Walimwambia mapafu ni mazima, arudi kila mwaka. Hayo nimeyasikia kwa mama mkwe.

Sasa wamemhamishia lango la chini, kwenye kibanda chenye sakafu ya saruji na madirisha mawili. Asubuhi ya kwanza baada ya kuhamishwa nilijaza boza bila kuambiwa na mtu, nikafika langoni. Kuna daftari jipya, limefungwa kwa kamba kwenye meza, na sasa linaandikwa na mlinzi, si dereva. Alitoka na kalamu. Nilimsubiri aseme chochote kuhusu miwani, kuhusu uzee wangu, kuhusu namna ninavyokaa kwenye usukani kama gunia.

"Dereva," akasema. "Maji yanakwenda wapi?"

Hakuniita wifi.

"Juu," nikasema. "Kutuliza vumbi, mpaka udongo mpya uje."

Aliandika, herufi moja moja, akanigeuzia daftari niweke saini. Nikasoma alichoandika: juu. Nikasaini, akafungua lango.